Naim, Mwana wa Süleyman

Hotuba kwa vijana wanyanyua vizito na wazazi wao, Mombasa

Mwenyekiti, waamuzi wetu, wazazi wetu, na nyinyi vijana ambao nawaona mmeshaanza kujifunga bandeji za viganja: Assalaam alaykum, na wa salamu nyingine, hamjambo.

Nimeombwa nizungumze kuhusu bingwa kabla chuma hakijaanza kulia. Mabingwa wa siku hizi mnawaona kwenye simu zenu kila siku na mnawajua kunishinda. Mimi nawaletea mmoja tu, na wengi wenu hamkuwa mmezaliwa alipostaafu. Alikuwa na urefu wa sentimita 147. Mtoto wa darasa la saba angesimama naye wakatazamana macho kwa macho. Jina lake Naim Süleymanoğlu. Hapa kwetu tungemwita Naim bin Suleiman, na ukilitaja jina hilo Majengo au Kibokoni jioni, hukosi mtu wa kukuitikia.

Nimemchagua kwa ajili ya jina hilo hilo. Alinyang'anywa na serikali, na alilirudisha kwa kunyanyua chuma. Sijui mwanamichezo mwingine ambaye maisha yake yanaonyesha wazi namna hii kitu ninachotaka viongozi wetu wakisikie leo: mwili ulioko pale jukwaani una mwenyewe.

Naim alizaliwa tarehe 23 Januari 1967 katika kijiji cha Ptichar, kusini mwa Bulgaria, katika wilaya ya Kardzhali ambako wakazi wengi ni Waturuki Waislamu. Wako pale tangu enzi za dola ya Uthmaniya. Baba yake, mzee Süleyman, alikuwa mchimba madini, naye pia mfupi. Kijana alianza kunyanyua akiwa na miaka kama 10, akachukuliwa shule ya michezo mjini Momchilgrad, na kabla ndevu hazijaota vizuri akawa tayari tishio kwa watu wazima. Mwaka 1983, akiwa na miaka 16, alikuwa ameshaweka rekodi ya dunia. Mwaka huo huo akapata medali ya fedha katika mashindano ya dunia ya watu wazima mjini Moscow.

Wazazi ambao si watu wa chuma, niwaeleze kidogo. Mchezo wetu una minyanyuo miwili. Wa kwanza ni snachi: unakishika chuma chini, mikono imepanuka, unakitoa kwa mkupuo mmoja mpaka juu ya kichwa, na wewe mwenyewe unachuchumaa chini yake kabla hakijageuka kurudi. Wa pili ni klini na jeki: kwanza mabegani, unasimama nacho, unavuta pumzi, kisha unakisukuma juu. Kila mmoja ana nafasi tatu kwa kila mnyanyuo. Uzito bora wa snachi unajumlishwa na uzito bora wa klini na jeki, na jumla ndiyo inayotoa bingwa.

Kocha mkuu wa Bulgaria wakati huo alikuwa Ivan Abadzhiev, mtu mkali, na mfumo wake unajulikana mpaka leo: mazoezi machache ya aina moja, yanarudiwa vipindi kadhaa kwa siku, na karibu kila siku mtu anapanda mpaka uzito wake wa mwisho. Najua kuna vijana humu wameusoma mfumo huo na wanataka kuujaribu. Wanangu, naomba msifanye hivyo. Wale walikuwa wanalishwa, wanalazwa na kutibiwa na serikali, na hata hivyo wengi waliumia, na wengine tuliwaona mbele ya safari wakikamatwa na dawa za kuongeza nguvu. Nyinyi mnatoka kazini saa kumi na moja jioni, mmebeba mizigo tangu asubuhi.

Mwaka 1984 ulikuwa uwe mwaka wake. Michezo ya Olimpiki ilikuwa Los Angeles, lakini Urusi ya Kisovieti ikagoma kwenda, na Bulgaria ikafuata. Dhahabu ya kilo 56 ilichukuliwa na Mchina Wu Shude kwa jumla ya kilo 267.5. Mwaka huo huo, katika mashindano ya nchi zilizogoma yaliyofanyika Varna, Naim alinyanyua kilo 30 zaidi ya hapo. Alikuwa na miaka 17, na hakuna aliyemuuliza kama angependa kwenda.

Hilo lilikuwa dogo mbele ya lililofuata. Kuanzia Desemba 1984 mpaka mwanzoni mwa 1985, serikali ya Todor Zhivkov iliamua kwamba nchini Bulgaria hakuna Waturuki. Askari walizingira vijiji, kwanza huko Kardzhali, wakati wa theluji. Watu walipewa orodha ya majina ya Kibulgaria wachague. Mehmet akaingia ofisini, akatoka akiwa mtu mwingine kwenye kitambulisho. Walioguswa walikuwa zaidi ya laki nane. Kuzungumza Kituruki hadharani kukapigwa marufuku, kutahiri watoto kukapigwa marufuku, na hata marehemu walibadilishwa majina kwenye madaftari. Katika eneo la Momchilgrad, alikosomea Naim, watu waliandamana Desemba ile na baadhi yao waliuawa kwa risasi.

Naim Suleimanov akawa Naum Shalamanov. Hivyo ndivyo alivyoandikwa kwenye pasipoti, na hivyo ndivyo alivyoitwa jukwaani Södertälje, Sweden, mwaka 1985 alipokuwa bingwa wa dunia. Mwaka 1986 akashinda tena, safari hii Sofia, mji mkuu wa nchi iliyolifuta jina la baba yake. Jaribuni kuiona hali hiyo. Mtangazaji anakuita, unasikia jina usilolijua, lakini ni zamu yako na saa inahesabu. Unapaka chaki, unapanda, unashinda, na wimbo wa taifa unapigwa.

Asubuhi hii kwenye mizani, msichana wa kilo 53 alikuja mezani kwangu akiwa amekasirika. Jina lake limekosewa kwenye orodha: wamemwandikia jina la babu mahali pa jina la baba, na herufi moja imeruka. Afisa mmoja akamwambia, "Si neno, utanyanyua tu." Mimi nikasema ni neno. Tumeifuta karatasi ile na kuiandika upya. Nyinyi watu wa hapa mnaijua vizuri foleni ya kitambulisho, mnajua kupigwa msasa kwa sababu ya jina ulilopewa na wazazi, na mnajua herufi moja inavyoweza kumzuia mtu kupata pasipoti na safari ikampita. Basi jina la mwanamichezo tuliandike kama anavyoliandika yeye.

Naim hakupiga kelele. Alisubiri. Desemba 1986 kulikuwa na fainali ya Kombe la Dunia la kunyanyua vizito mjini Melbourne, Australia. Alishindana, akashinda, na baada ya mashindano timu ikapelekwa mgahawani kwa karamu. Hapo ndipo alipowaponyoka walinzi wake. Waturuki wanaoishi Melbourne walimficha kwa siku chache, kisha akajitokeza kwa wanadiplomasia wa Uturuki kuomba hifadhi. Waziri mkuu Turgut Özal alituma ndege yake London kumchukua. Alipofika Uturuki, alipiga magoti akaibusu ardhi. Alikuwa na miaka 19, na wazazi wake alikuwa amewaacha nyuma, mikononi mwa serikali ile ile. Kwangu mimi huo ndio uzito mkubwa kuliko wote aliowahi kuubeba, na haumo katika rekodi yoyote.

Kule akachukua jina la Süleymanoğlu, yaani mwana wa Süleyman.

Lakini kulikuwa na kikwazo cha sheria. Mwanamichezo aliyeiwakilisha nchi moja akahamia nyingine alipaswa kukaa miaka mitatu bila kushiriki Olimpiki, isipokuwa nchi yake ya zamani ikubali kumwachia. Akikaa miaka mitatu, Olimpiki ya Seoul ya mwaka 1988 ingempita. Uturuki ikailipa Bulgaria kiasi cha dola milioni moja za Marekani ili imwachie. Nataka hapa tuseme ukweli wote. Nchi moja ilimfuta jina, kisha ikamuuza. Nyingine ilimpokea kwa mapenzi, ndiyo, lakini nayo ilimnunua, na ikampigia tarumbeta kwa manufaa yake. Katika mabishano yale ya serikali mbili, yeye alikuwa kijana wa miaka 21 anayesubiri kuambiwa kama atanyanyua.

Sheria hiyo hiyo ilitufikia sisi hapa Kenya. Mwaka 2003 Stephen Cherono, mkimbiaji wetu wa kuruka viunzi na maji, alihamia Qatar akawa Saif Saaeed Shaheen. Agosti ile ile, Paris, alimshinda Ezekiel Kemboi kwenye fainali ya dunia, na kaka yake Abraham alikuwa kwenye mbio hizo hizo akiwa na fulana ya Kenya. Ilipofika Olimpiki ya Athens mwaka 2004, Kenya ilikataa kumwachia. Shaheen akatazama kwenye televisheni, Kemboi akachukua dhahabu, na wiki chache tu baadaye Shaheen akaweka rekodi ya dunia Brussels, dakika 7 sekunde 53.63. Watu wengi walimtukana kwa kubadili jina. Mimi siwezi kumtukana. Jina alilochukua alilikubali mwenyewe, kwa hesabu zake na za familia yake. Naim hakuulizwa. Ukitaka kumhukumu mwanamichezo aliyehama, anza kuuliza hilo: aliulizwa? Kisha uliza alikuwa analipwa nini alipokuwa kwetu.

Sasa Seoul, tarehe 20 Septemba 1988, kundi la kilo 60.

Aliyekuwa upande wa pili ni Stefan Topurov, Mbulgaria, aliyekuwa mwenzake wa timu, mtu wa kwanza duniani kunyanyua uzito mara tatu wa mwili wake kwa klini na jeki. Kwa hiyo msidhani Naim alishindana na watu dhaifu. Alifungua snachi kwa kilo 145. Akapanda 150.5, rekodi ya dunia. Akapanda 152.5, rekodi tena. Hiyo ni zaidi ya mara mbili na nusu ya mwili wake, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya kwa snachi kabla yake. Kwenye klini na jeki akaanza na 175. Hapo alikuwa ameshashinda, angeweza kuvua mkanda na kwenda kuoga. Akaomba 188.5, ikapanda, rekodi. Akaomba 190.

Ukipata picha za mnyanyuo ule, usiangalie uso. Tazama miguu. Anaushika mkanda wa kiuno, anauvuta, anainama. Chuma kinapopita magotini, visigino bado viko chini, hana haraka. Hapo ndipo vijana wengi mnapokosea, mnavuta kwa mikono mapema. Kisha anajitupa chini yake, kinamkaa mabegani, na anaposimama nacho kinacheza kwa uzito wa sahani huku na huku. Anakisubiri kitulie. Halafu anakisukuma, miguu inapasuka mmoja mbele mmoja nyuma, mikono imenyooka. Anarudisha mguu wa mbele kwanza, kisha wa nyuma. Taa tatu nyeupe, yaani waamuzi wote watatu wamekubali.

Jumla kilo 342.5. Topurov alipata 312.5. Na kama mnataka kuelewa hizo ni kilo gani, bingwa wa kundi la juu yake, la kilo 67.5, Joachim Kunz wa Ujerumani Mashariki, alipata dhahabu yake kwa jumla ya 340. Naim angewashinda wote wawili siku moja. Kwa Uturuki ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Olimpiki tangu 1968, na ya kwanza kabisa nje ya mieleka. Siku chache baada ya hapo Bulgaria iliwaondoa wanyanyua vizito wake waliobaki Seoul, maana wawili kati ya mabingwa wake walikutwa na dawa.

Baada ya ushindi ule dunia iliuliza maswali: huyu ni nani, ametoka wapi, kwa nini ana majina mawili? Na majibu yakawafikia watu ambao hawakuwahi kusikia habari za Kardzhali. Wazazi wake waliruhusiwa kuondoka wakamfuata. Kiangazi cha 1989 mpaka ulifunguliwa, na Waturuki zaidi ya laki tatu wakavuka kutoka Bulgaria kwenda Uturuki, na mabegi na magodoro yao. Zhivkov aliangushwa Novemba mwaka huo, na watu wakaanza kurudishiwa majina yao. Sisemi chuma ndicho kilichomwangusha Zhivkov. Waliandamana watu, walifungwa watu. Ila kati ya waliowafanya walimwengu watazame upande ule, Naim yuko mbele.

Kati ya waliovuka mwaka ule kulikuwa na mvulana mwingine mfupi kutoka eneo la Momchilgrad, Halil Mutlu. Yeye naye alikuja kuwa bingwa wa Olimpiki mara tatu: 1996, 2000 na 2004.

Barcelona 1992 sitaikalia sana. Naim alishinda kwa jumla ya 320, kilo 15 mbele ya Mbulgaria Nikolay Peshalov, na hapakuwa na wa kumsumbua. Ninachokipenda zaidi ni Novemba 1993. Mashindano ya dunia yalikuwa Melbourne, mji ule ule alioponyokea. Safari hii aliingia kwa mlango wa mbele, akaitwa kwa jina lake, akachukua dhahabu.

Na sasa Atlanta, 1996. Watu wakiulizwa siku kubwa ya Naim husema Seoul kwa sababu ya namba. Mimi nasema Atlanta, kwa sababu Seoul alishindana na rekodi, Atlanta alishindana na mtu.

Mtu huyo alikuwa Valerios Leonidis wa Ugiriki. Naye alizaliwa ugenini, katika Urusi ya Kisovieti, katika jamii ya Wagiriki waliozagaa huko, kisha akahamia nchi ya mababu zake. Mnajua mambo ya Wagiriki na Waturuki. Ukumbi ulijaa bendera za pande mbili, kelele hazikukatika. Kundi lilikuwa la kilo 64, kundi jipya ambalo rekodi zake zilianza kuhesabiwa upya. Kwenye snachi Naim alifika 147.5, Leonidis 145. Tofauti ya kilo mbili na nusu, yaani sahani mbili ndogo, moja kila upande.

Klini na jeki: Naim akanyanyua 185, rekodi ya dunia. Leonidis akapanda, akanyanyua 187.5, rekodi ya dunia. Naim akatoka chumba cha kupashia mwili na kunyanyua 187.5 hiyo hiyo. Akafika jumla ya 335, rekodi nyingine. Leonidis alibaki na nafasi moja. Akaomba 190. Hakuna aliyewahi kunyanyua uzito huo katika kundi lile. Alijaribu kwa nguvu zake zote, haikuwa. Mtangazaji wa ukumbi, Lynn Jones, akawaambia watazamaji kwamba wameshuhudia shindano kubwa kuliko yote katika historia ya unyanyuaji vizito. Wale wawili wakakumbatiana. Naim akawa mnyanyua vizito wa kwanza kupata dhahabu tatu za Olimpiki.

Alirudi tena Sydney mwaka 2000, na miaka 33. Aliomba 145 kwenye snachi, mara tatu, mara tatu ikamshinda. Akatoka bila jumla. Dhahabu ya kundi lake ilichukuliwa na Nikolay Peshalov, yule wa Barcelona, lakini sasa akiwa na fulana ya Kroatia. Naye alikuwa amehama.

Baada ya hapo Naim alijaribu siasa, hakuchaguliwa. Afya ilimzorotea. Alivuta sigara nyingi tangu ujana wake, na ini lilimharibikia. Oktoba 2017 alipandikizwa ini, na tarehe 18 Novemba akafariki mjini Istanbul akiwa na miaka 50. Valerios Leonidis alisafiri kutoka Ugiriki kuja kumzika. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Miaka 50, ndugu zangu, ni michache kwa mtu aliyekuwa na mwili ule. Wanaomsifu huishia Atlanta. Mimi nawaomba viongozi waanzie hapo. Mchezaji akishavua mkanda, nani anamjua? Nani anampeleka hospitali? Katika mkoa huu ninao wazee waliotuletea medali, leo wanalinda milango usiku, na hakuna ofisi inayowapigia hata simu ya Idi.

Kwa hiyo, mwenyekiti, nina maombi matatu na nayataja mbele ya watu wote. Pasipoti ya mwanamichezo akae nayo mwenyewe, si kocha wala afisa. Wakala yeyote anayekuja na mkataba wa Ghuba au wa Ulaya, mkataba usomwe kwa Kiswahili mbele ya mzazi, na kijana apewe wiki nzima ya kufikiri. Na daktari awepo pale kwenye kiti chake kuanzia mnyanyuo wa kwanza, maana leo nimekiona kiti kitupu.

Nimeambiwa daktari yuko njiani kutoka Nyali. Tutamsubiri. Wa kilo 53 endeleeni kujipasha, na yule binti wa asubuhi aje mezani alihakiki jina lake kwenye karatasi mpya kabla haijasomwa. Ahsanteni sana.